Mota ya pampu inalia baada ya kubadilishwa beringi: sauti peke yake inatosha kujua ubovu uko wapi?

#1 FundiMota_AR

Wakuu, habari za kazi. Nipo Arusha, kiwandani. Kuna pampu ya maji A na pacha wake B wa akiba, zimefungwa sambamba. Mota ni 15 kW, poli 4, mizunguko 1,470 kwa dakika, beringi 6309 C3 (C3 ni yenye nafasi kubwa zaidi ndani) pande zote mbili. Pampu yenyewe ina 6307 mbili na impela (gurudumu linalosukuma maji) ya mapanga matano. Inavuta maji kutoka tenki la chini ya ardhi, kina cha mita 4 hivi. Inaendeshwa na invata (kifaa cha umeme kinachobadilisha mwendo wa mota), mchana 50 Hz, usiku inashuka.

Beringi za mota A zimebadilishwa. Tangu hapo kuna mlio mwembamba wa kukwaruza upande wa kapulingi (kiungo cha shafti ya mota na ya pampu), na joto la nyumba ya beringi limepanda kutoka nyuzi 55 hadi 68. Mtetemo ni 2.4 mm/s. Nimerekodi kwa simu, programu ya Spectroid inaonyesha vilele karibu na 74 Hz, 100 Hz na 122 Hz, halafu kuna mlima mpana kati ya 3 na 6 kHz.

Swali: kwa sauti hizi naweza kusema beringi mpya imekufa, au kuna kitu kingine? Na je, kuna haja ya kumshauri bosi anunue kifaa cha altrasoniki (kinachosikia sauti za juu kuliko uwezo wa sikio), au bisibisi ndefu sikioni inatosha?

#2 NyundoNaTindo

Beringi imegongwa wakati wa kuvalishwa, hilo ndilo la kuanza nalo. Ukiivalisha kwenye shafti huku nyundo inapiga ringi ya nje, nguvu yote inapita kwenye gololi, zinaacha vidimbwi kwenye njia zake. Vidimbwi hivyo vinakaa kwa nafasi sawasawa na nafasi za gololi, ukifungua utaviona kwa jicho. Beringi inaanza kulia siku hiyohiyo.

6309 ya mota inapashwa moto hadi nyuzi 110, isizidi 120, inateleza yenyewe kwenye shafti bila kipigo. Kama hakuna hita ya sumaku, tumia bomba linalokaa kwenye ringi ya ndani tu. Waliovalisha walitumia nini?

#3 Gololi8

Kabla ya kuhukumu, tupige hesabu. Mizunguko 1,470 ugawe kwa 60 ni 24.5 Hz, hiyo ndiyo 1X yako, yaani masafa ya mzunguko wa shafti; 3X ni mara tatu yake. 6309 ina gololi 8, kipenyo cha gololi ni karibu mm 17.5, na duara la katikati ya gololi ni mm 72.5, yaani wastani wa 45 na 100.

Masafa ya ubovu wa ringi ya nje (gololi zinavyopita kwenye kovu): 8/2 × 24.5 × (1 − 17.5/72.5) = karibu 74.3 Hz.
Ubovu wa ringi ya ndani: unajumlisha badala ya kutoa, unapata karibu 121.7 Hz.
Ukizijumlisha lazima upate gololi mara mizunguko: 8 × 24.5 = 196. Hiyo ni njia nzuri ya kuhakiki hesabu.

Asiye na vipimo vya beringi atumie kanuni ya haraka: idadi ya gololi × mizunguko × 0.4 kwa ringi ya nje, × 0.6 kwa ya ndani. Hapa inatoa 78 na 118, inakaribia tu, haitoshi kwa kesi hii.

Sasa tazama mtego. 3X ya shafti ni 73.5 Hz. Mapanga matano ya impela ni 5 × 24.5 = 122.5 Hz. Kwa hiyo kilele chako cha 74 kinaweza kuwa ringi ya nje ya beringi au kapulingi iliyopinda alaimenti (shafti mbili hazijanyooka mstari mmoja). Cha 122 kinaweza kuwa ringi ya ndani au maji yanayopita kwenye mapanga. Tofauti ni kama Hz 0.8 tu kila upande. Na 100 Hz ni umeme, mara mbili ya 50, haina uhusiano na beringi.

#4 Bi_Desibeli

Nakubaliana na #3 kwenye hesabu, ila kwa Spectroid hamtafika popote. Simu inarekodi sampuli 48,000 kwa sekunde. Programu ikitumia vipande vya sampuli 8,192, kila kistari kwenye grafu kina upana wa 5.9 Hz. Kutenganisha 73.5 na 74.3 kwa kistari cha upana huo haiwezekani. Hata ukienda vipande 65,536 unapata 0.73 Hz, na kilele kinatanuka vistari vitatu au vinne kwa sababu ya dirisha la Hann (hesabu ya kulainisha kingo za kila kipande).

Pili, maikrofoni ya simu inalegea chini ya 100 Hz, na programu nyingi za kurekodi zinapunguza kelele na kupandisha sauti zenyewe. Zima yote hayo. Rekodi WAV, si faili iliyobanwa.

Tatu, na ndilo kubwa: ubovu mdogo wa beringi hauonekani kama kilele cha 74 Hz kwenye sauti ghafi. Gololi ikipita kwenye kovu inapiga chuma, chuma kinalia kwenye kilohezi kadhaa, na mlio huo unarudi mara 74 kwa sekunde. Kinachobeba habari ni ule mlima wa 3 hadi 6 kHz. Inabidi utoe envelopu yake (umbo la jinsi nguvu ya mlio inavyopanda na kushuka). Kwenye Audacity fanya hivi:

1. Rekodi sekunde 60, simu iwe sentimita 10 kutoka nyumba ya beringi, si mbele ya feni.
2. Kata kila kitu chini ya 2,000 Hz kwa kichujio cha juu.
3. Fungua Nyquist Prompt, andika (s-abs *track*). Hapo mawimbi ya upande hasi yanageuzwa kuwa chanya.
4. Kata kila kitu juu ya 500 Hz.
5. Shusha sampuli ziwe 8,000 kwa sekunde.
6. Plot Spectrum, ukubwa 65,536, dirisha la Hann. Sasa kistari ni 0.12 Hz.

Invata uifunge kwenye 50 Hz, uondoe udhibiti wa presha wa moja kwa moja. Mwendo ukicheza hata kidogo ndani ya dakika hiyo, vilele vinatapakaa na kazi yote ni bure. Na upime mizunguko halisi kwa takometa. 1,470 ya kibao ni ya mzigo kamili.

#5 MajiYaMlima

Mmeng'ang'ania mota, mmesahau maji. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko inasukuma maji kwa kama mita 8.7, si 10.3 kama Dar au Tanga. Toa mita 4 za kuvuta, toa 0.24 ya mvuke wa maji ya nyuzi 20, toa msuguano wa bomba, futi valvu na chujio, tuseme 1.2. Unabaki na NPSH (presha inayobaki kwenye mdomo wa kuvuta ili maji yasigeuke mapovu) ya mita 3.3 hivi. Kwa pampu ya ukubwa huo, mahitaji ya mita 3 ni kitu cha kawaida. Pampu hiyohiyo ukiifunga Dar inapata mita karibu 4.9 na haisemi neno.

Mlima mpana wa kilohezi usio na vilele vikali ndio sura ya mapovu yanayopasuka ndani ya impela. Sikiliza kama kuna kokoto zinapita ndani ya pampu. Safisha chujio la kuvutia kabla hujagusa beringi.

#6 Gololi8

#5, kama inahitaji mita 3 na anazo 3.3, amebaki salama. Kwa nini iwe mapovu?

#7 MajiYaMlima

Kwa sababu ile namba ya kwenye grafu ya mtengenezaji inapimwa pale ambapo presha ya pampu imeshashuka asilimia 3. Yaani kwenye namba hiyo mapovu yapo tayari, tena mengi. Yanaanza mapema zaidi. Ndiyo maana watu wanaacha ziada ya nusu mita hadi mita moja au zaidi. 0.3 si ziada.

#8 MzeeWaGrisi

Salaam. Joto kupanda kutoka 55 hadi 68 mara tu baada ya beringi mpya, mimi nauliza kwanza grisi imejazwa kiasi gani. Kanuni ya kuongeza ni kipenyo cha nje × upana × 0.005. 6309 ni 100 × 25 × 0.005 = gramu 12.5. Watu wanajaza mpaka itokee upande wa pili. Gololi zinakoroga grisi, joto linapanda, grisi inaachia mafuta yake, baadaye beringi inakauka ikiwa imejaa.

Pima pampu yako ya grisi: piga mara 10 juu ya mzani, gawanya. Nyingi zinatoa gramu 1 hadi 1.5 kwa pigo moja, lakini usikadirie. Na uangalie kama beringi ni ya 2Z au 2RS. Hiyo imefungwa, haiongezwi grisi, nipo (tundu la kuingizia grisi) iliyopo kwenye mota isikudanganye.

Tena, grisi ya zamani ilikuwa poliurea na hii mpya ni ya lithiamu? Zikichanganyika nyingi zinalainika na kuvuja.

#9 InvataKazini

Hakuna aliyegusa invata, na ndiyo ninayoishuku kuliko vyote. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni sauti ya invata yenyewe. Masafa ya swichi yakiwa 4 kHz, mota inapiga filimbi 4 kHz na vilele pembeni yake, katikati kabisa ya ule mlima wake wa 3 hadi 6 kHz. Jaribio ni rahisi: ingia kwenye parameta, pandisha masafa ya swichi kutoka 4 hadi 8 kHz kwa muda. Mlio ukihama papo hapo, si beringi. Ukimaliza rudisha, maana ukiyaacha juu unapasha moto invata na unaongeza umeme unaopita kwenye beringi.

Ya pili ni huo umeme wenyewe. Invata inajenga volti kwenye shafti, na utando wa grisi ukishindwa kuuzuia, cheche ndogo inaruka kati ya gololi na ringi. Maelfu ya cheche yanachora mistari ya kukingama kwenye ringi, imepangana kama ubao wa kufulia. Beringi mpya isiyo na kinga inaweza kuanza kulia mapema sana kwenye mota ya namna hii. Kebo kutoka invata hadi mota ina ganda la chuma lililofungwa ardhini pande zote mbili? Kuna brashi ya ardhi kwenye shafti?

#10 FundiMota_AR

Asanteni wote. Majibu kwa mpigo:

#2: ilipashwa kwenye mafuta, ikasukumwa kwa bomba. Waliokuwepo wanasema nyundo ilitumika mwishoni, ringi ilipogoma kufika begani.
#8: beringi ni ya wazi, imejazwa mpaka grisi ikatokea. Aina ya zamani haijulikani.
#9: kebo ni ya kawaida ya nyuzi nne, haina ganda. Brashi hakuna.
#5: chujio halijafunguliwa.

Kwa hiyo kila mmoja wenu amepata ushahidi wake.

#11 NyundoNaTindo

"Nyundo ilitumika mwishoni." Nimemaliza.

#12 MzeeWaGrisi

Hujamaliza, bado. Beringi iliyojazwa kupita kiasi inapanda joto saa za mwanzo, grisi ikishajipanga pembeni inashuka yenyewe. Kama 68 ni ya siku ya kwanza, haina uzito. Kama inaendelea kubaki 68 huku hewa ya nje ni ileile, hapo tuzungumze. Na nyuzi 68 kwenye nyumba ya beringi si janga kwa grisi ya mota. Kinachotisha ni kupanda bila kusimama.

#13 KipimoKwanza

Kuhusu 2.4 mm/s. Kwenye ISO 10816-1 mota ya hadi 15 kW iko daraja la I: nzuri hadi 0.71, inakubalika hadi 1.8, hairidhishi hadi 4.5. Kwa hiyo 2.4 ni mbaya kidogo. Ukiiweka daraja la II, la 15 hadi 75 kW, 2.4 inakubalika kwa sababu mpaka ni 2.8. Mota hii imekaa juu ya mstari wenyewe, msibishane sana kwa namba hiyo. Kiwango hicho pia kimeshachukuliwa na ISO 20816-1 ya 2016.

La maana zaidi: mm/s inapima mtikisiko wa jumla, alaimenti na uwiano wa rota. Beringi inayoanza kuharibika inaweza kukaa muda mrefu bila kusogeza mm/s hata kidogo. Altrasoniki inaiona mapema, kwa sababu inasikiliza kwenye 38 hadi 40 kHz na kuishusha mpaka sikio liisikie. Kelele za kiwanda kwa sehemu kubwa haziko huko.

Kanuni inayotumika sana: desibeli 8 juu ya kipimo cha msingi, beringi inadai grisi. 16, ubovu umeanza. 35 na kuendelea, simamisha.

#14 Bi_Desibeli

#13, wengine wanaanza kuita ubovu kwenye 12, sauti yenyewe ikiwa imebadilika pia. Lakini shida ya FundiMota haipo kwenye 12 au 16. Hana kipimo cha msingi. Beringi mpya haikupimwa ilipowashwa mara ya kwanza. Desibeli 8 juu ya nini?

#15 KipimoKwanza

Anaye pacha, mota B. Mashine mbili za aina moja, mzigo mmoja, kipimo kichukuliwe sehemu ileile ya nyumba ya beringi, kwa mkandamizo uleule. Unalinganisha.

#16 Gololi8

B ni mota ya akiba, imesimama kwenye sakafu moja na A inayotetemeka. Gololi zinacheza palepale zilipokaa, zinasukuma grisi pembeni na kula ringi bila hata shafti kuzunguka. Unaweza ukalinganisha A mbovu na B mbovu zaidi. Mota za akiba zizungushwe kwa mkono kila wiki, zisimame pembe tofauti kila mara, au bora zipokezane kazi na mwenzake.

Na msisahau 6307 za pampu. Hizo nazo kwa kawaida zina gololi 8, uwiano wa gololi na duara unakaribia uleule, na shafti ni mwendo mmoja. Ubovu wa ringi ya nje ya 6307 utasoma karibu 75 Hz vilevile. Masafa hayatasema ni mota au pampu. Itabidi usogeze kipimo: kapulingi upande wa mota, kapulingi upande wa pampu, uone wapi kuna nguvu zaidi.

#17 Saa_Nane_Usiku

Kuhusu bisibisi: inafanya kazi, ila ncha ikae kwenye nyumba ya beringi, si kwenye kava ya feni wala kwenye bati la kuzuia kapulingi. Kishikio kikandamize mfupa mbele ya sikio. Mikono mirefu ya shati na kamba za shingoni viondolewe. Kipande cha mbao kavu cha mita moja ni salama zaidi. Unachokipata ni kulinganisha tu, upande huu na ule. Huwezi kuandika ripoti kwa bisibisi.

Samahani kutoka nje kidogo: kwa kiwanda, kifaa cha altrasoniki kinalipa haraka kwenye hewa ya kompresa, si kwenye beringi. Tundu la mm 3 kwenye bar 7 linavujisha kama lita 10 za hewa kwa sekunde. Kompresa inatumia kilowati 3 hadi 4 kulisha tundu hilo moja, mchana na usiku. Bosi ukimwonyesha hilo kwenye bili, hatauliza tena kuhusu mota.

#18 JichoLaSauti

#17, kwa kuvuja kwa hewa siku hizi kuna kamera za sauti. Fluke ii900 ina maikrofoni 64 na inasikia 2 hadi 52 kHz, FLIR Si124 ina 124. Sauti inafika kwenye kila maikrofoni kwa kuchelewa tofauti, kompyuta inarudisha hesabu nyuma na kupaka rangi juu ya picha pale inapotoka. Hewa inayovuja darini mita kadhaa unaiona bila ngazi. Tahadhari ni mwangwi: ukuta laini wa bati unarudisha sauti na kamera inapaka rangi ukutani. Sogea hatua mbili pembeni. Doa la kweli linabaki palepale, la mwangwi linahama.

#19 Kondakta33

Na sisi wa transfoma je? Kuna anayesikiliza kutokwa kwa umeme ndani ya tenki?

#20 JichoLaSauti

Ndiyo. Sensa za sauti zinabandikwa nje ya tenki kwa sumaku na jeli, zinasikiliza karibu 150 kHz ili mvumo wa 100 Hz wa kiini usizifikie. Sauti ndani ya mafuta inakwenda karibu mita 1,400 kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa kwa milisekunde 1 ni mita 1.4. Sensa tatu au nne zinakupa mahali. Ugumu ni kwamba sauti inakwenda haraka zaidi kwenye chuma cha tenki kuliko kwenye mafuta, hivyo wimbi la kwanza kufika linaweza kuwa limepita ukutani na kukudanganya umbali.

Kwa makabati ya volti ya kati unasikiliza 40 kHz kwenye upenyo wa mlango, mlango ukiwa umefungwa. Hakuna sababu ya kuufungua.

#21 DataNaGrisi

Kwa anayetaka kujifunza envelopu bila kusubiri mota iharibike: Case Western Reserve University ya Marekani imeweka data za beringi 6205 bure, zenye makovu yaliyochongwa kwa makusudi ya inchi 0.007, 0.014 na 0.021. 6205 ina gololi 9. Ringi ya nje ni 3.585 mara mizunguko, ya ndani 5.415. Fanya hatua za #4 kwenye data hizo mpaka vilele vitoke, ndipo uje kwenye mota yako. Tofauti moja: hizo ni za mtetemo, zimechukuliwa na sensa iliyobanwa kwenye chuma, ni safi kuliko sauti ya hewani.

Za sauti kuna MIMII ya Hitachi, ya 2019: valvu, pampu, feni na reli za kuteleza, maikrofoni 8, sampuli 16,000 kwa sekunde, zimechanganywa na kelele za kiwanda kwa viwango vitatu. Kompyuta inafundishwa sauti ya mashine nzima, kisha inalalamika ikisikia tofauti.

#22 Bi_Desibeli

Na inalalamika pia valvu ikifunguliwa robo, mwendo wa invata ukibadilika, au mvua ikipiga bati. Inakwambia "si kawaida", haikwambii "ringi ya nje". Na 16,000 kwa sekunde inaishia 8 kHz, altrasoniki haipo humo kabisa.

#23 DataNaGrisi

Sahihi. Ndiyo maana unaifundisha kwa kila mwendo na kila ufunguzi wa valvu, si kwa rekodi moja ya asubuhi.

#24 InvataKazini

Turudi kwa FundiMota. Kuna jaribio moja linalogawa kesi nusu kwa nusu: kata umeme mota ikiwa kwenye mwendo kamili, sikiliza ikisota mpaka isimame. Kila sauti ya umeme, yaani 100 Hz na filimbi ya swichi, inakufa sekunde ileile umeme unapokatika. Sauti ya beringi inashuka taratibu na mwendo. Kelele za mapovu zinaondoka mapema, mara mtiririko wa maji unapopungua.

Lakini uweke invata isimame kwa kuachia, si kwa kushusha mwendo. Ikishusha mwendo bado inalisha mota na unasikia umeme mpaka mwisho. Na hakikisha valvu isiyorudisha maji inashika, la sivyo pampu itazunguka kinyumenyume na kukuletea sauti nyingine kabisa.

#25 MajiYaMlima

Ongeza na hili: funga valvu ya kutolea taratibu mpaka mtiririko upungue robo. Pampu ikitoa maji machache inahitaji NPSH ndogo. Mapovu yakiwepo, kelele inashuka hapohapo. Funga geji ya utupu upande wa kuvuta uandike namba kabla na baada. Valvu ya kuvuta usiiguse, hiyo inazidisha mapovu.

#26 FundiMota_AR

Nimefanya zote mbili, invata imefungwa 50 Hz, takometa inasoma 1,472.

Kukata umeme: 100 Hz imekufa papo hapo, na sehemu ya mlima wa 4 kHz imekufa nayo. Mlio wa kukwaruza umebaki, umeshuka na mwendo mpaka karibu na kusimama.
Kufunga valvu robo: kelele upande wa pampu imepungua waziwazi. Kukwaruza upande wa mota kumepungua kidogo, nako.
Envelopu: kilele kimoja 74.7 Hz, na chake cha pili 149 na kitu. Karibu na 122 hakuna kitu cha maana.
Joto bado 67.

#27 Gololi8

Takometa 1,472 ni 24.53 Hz, 3X ni 73.6. Umepata 74.7 pamoja na mara mbili yake. Hiyo ni ringi ya nje. 122 ilikuwa mapanga ya impela, ndiyo maana haipo kwenye envelopu.

#28 NyundoNaTindo

Nyundo.

#29 InvataKazini

Au mistari ya umeme kwenye ringi ya nje, ambayo inatoa masafa yaleyale. Envelopu haisemi kovu lilitokana na nini. Ukiifungua usiifute grisi kwanza: iliyochomwa na cheche huwa nyeusi. Kata ringi ya nje uitazame. Vidimbwi vinane kwa nafasi sawa ni nyundo, mistari mingi iliyobanana ni invata. Usipojua, beringi ya tatu itakufa kama ya pili.

#30 MajiYaMlima

Na mapovu yamethibitika upande wa pampu, msiyafunike. Mapovu yanatikisa impela, impela inatikisa shafti, kapulingi inapeleka kwa mota.

#31 MzeeWaGrisi

Kukwaruza kumepungua valvu ilipofungwa. Kovu la ringi linasikika kwa sababu ya mzigo, sawa. Lakini gololi zinazokosa utando wa mafuta nazo ziko hivyohivyo. Ongeza grisi gramu 2 kwa wakati huku unasikiliza kwa stetoskopu au altrasoniki. Ikitulia kisha irudi ndani ya muda mfupi, ni kovu. Ikitulia na kubaki, ilikuwa grisi. Ikizidi mara tu unapoongeza, imejaa, fungua kizibo cha chini uiache izunguke itoe ziada.

#32 Bi_Desibeli

#27, usisahau 6307 ya pampu nayo iko palepale 75, uliandika mwenyewe kwenye #16. Rekodi ilichukuliwa hewani, na kapulingi iko katikati ya beringi hizo mbili.

#33 KipimoKwanza

Basi tenganisha kapulingi, endesha mota peke yake. Kilele kikibaki, ni 6309. Kikiondoka, ni pampu au alaimenti.

#34 FundiMota_AR

Jumapili uzalishaji unasimama, nitatenganisha kapulingi.

#35 Bi_Desibeli

Kabla hujaanza, andika haya. Mota bila mzigo inapanda hadi karibu 1,498. 3X inakuwa 74.9 Hz, na ringi ya nje inakuwa karibu 76. Yaani ukiona kilele cha 74.9 siku hiyo, usishangilie kwamba ni kilekile cha leo: ni 3X. Unatafuta kilichohama kwenda 76. Pima mizunguko kwa takometa kwanza, halafu rekodi, halafu pima tena.

Pia 6309 C3 isiyo na mzigo inaweza kugongagonga kidogo kwa sababu gololi hazijabanwa. Sauti hiyo haina masafa maalumu, kwenye envelopu inatapakaa tu. Endesha angalau dakika 20 ili joto litulie ndipo urekodi, na rekodi pande zote mbili, ya kapulingi na ya feni, simu ikiwa umbali uleule.